Nani Mwenye Mwamba? Mitazamo ya Machifu na Madiwani kuhusu Usimamizi wa Urithi wa Kiakiolojia katika Malawi ya Kati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna viongozi wa jadi na viongozi wa serikali za mitaa katika Malawi ya Kati wanavyoitazama dhamana ya kusimamia urithi wa kiakiolojia. Mfano mkuu ni michoro ya miambani ya Chongoni wilayani Dedza. Mifano mingine miwili, yaani makaburi ya vijiji vilivyomezwa na jiji la Lilongwe na gereza la zamani la Dzaleka wilayani Dowa, inaletwa ili kuonesha mipaka ya sheria iliyopo. Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti baina ya viongozi hao hazitokani na uhaba wa elimu kuhusu thamani ya urithi, kama inavyodaiwa mara nyingi katika taarifa za miradi. Zinatokana na mgawanyo wa madaraka uliowekwa na sheria zilizotungwa kwa nyakati mbalimbali bila kuzingatiana. Uzoefu wa Kondoa nchini Tanzania na wa misitu ya kaya nchini Kenya unatumiwa kupima hoja hiyo.

1. Utangulizi

Barabara kuu ya M1 inapita kilometa chache kutoka vilima vya Chongoni, inapanda kaskazini hadi Lilongwe, inaacha mtaa wa Area 25 kandokando ya eneo la viwanda la Kanengo, kisha inaelekea Dowa, ilipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Msafiri anaweza kuimaliza njia hiyo kwa gari katika muda wa asubuhi moja. Katika safari hiyo hupita katika aina tatu za urithi ambazo sheria ya Malawi inazitendea kwa namna tatu tofauti: miamba iliyoorodheshwa na UNESCO, makaburi ya kijiji yaliyozungukwa na nyumba za jiji, na gereza la kisiasa lililogeuzwa makazi ya watu waliokimbia vita.

Mtazamo wa kiongozi kuhusu urithi haupatikani kwa kumwuliza peke yake. Kiongozi akiulizwa kama anathamini mambo ya kale, atajibu kwamba anayathamini. Hakuna chifu wala diwani atakayesema kinyume mbele ya mgeni mwenye daftari. Kilicho na manufaa zaidi kwa mtafiti na kwa mshauri wa sera ni kutazama wadhifa wenyewe: kiongozi ana mamlaka gani juu ya eneo, anawajibika kwa nani, anapata nini likihifadhiwa, na anapoteza nini likiharibika. Makala haya yanafuata njia hiyo. Yanasoma mitazamo kupitia sheria, taratibu za madaraka na matukio yanayojulikana hadharani.

2. Chongoni na tabaka zake mbili

Eneo la Michoro ya Miambani la Chongoni liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lina ukubwa wa kilometa za mraba 126.4, na ndani yake kuna maeneo 127 yenye michoro, ambayo kwa wingi wake yanahesabiwa kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Kati. Michoro hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya rangi nyekundu, yenye mistari, duara na maumbo ya kijiometri, nayo inahusishwa na wawindaji wakusanyaji ambao Wachewa huwaita Abatwa au Akafula. Ya pili ni ya udongo mweupe, iliyochorwa na wakulima wa Kichewa kuanzia nyakati za mwisho za Zama za Chuma na kuendelea hadi karne ya 20. Katika hii nyeupe kuna maumbo ya wanyama na mijusi yanayohusishwa na chinamwali, yaani unyago wa wasichana, na kuna sura za chama cha siri cha nyau, ambacho ngoma yake, gule wamkulu, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa katika Orodha Wakilishi ya urithi usioshikika mwaka 2008, kwa niaba ya Malawi, Msumbiji na Zambia.

Swali la nani msemaji wa Chongoni linaanzia hapo. Michoro myekundu haina chifu. Masimulizi ya Kichewa yanawakumbuka Akafula kuwa watu wafupi waliokuwa wakimwuliza kila wanayekutana naye, “Mwandionera pati?”, yaani, “Umenionea wapi?”, na ole wake aliyejibu kwamba amewaona wakiwa karibu. Ni masimulizi ya mshindi kuhusu jirani aliyetoweka. Uchunguzi wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulitumia mifupa kutoka maeneo ya Hora, Fingira na Chencherere, ulionesha kwamba wawindaji wa kale wa Malawi hawakuacha mchango unaotambulika wa nasaba kwa watu wanaoishi nchini humo leo. Kwa hiyo chifu wa Kichewa anapozungumza juu ya mwamba wenye rangi nyekundu, hazungumzi kama mrithi wa damu. Anazungumza kama mwenyeji wa ardhi, na huo ni msingi mwingine kabisa wa mamlaka.

Zaidi ya hapo, Dedza si ya Wachewa peke yao. Wangoni wa Maseko waliingia katika nyanda hizo katika karne ya 19, na baadhi ya viti vya uchifu wilayani ni vyao. Historia ya nyau katika eneo hilo ni pia historia ya kujificha: wamisionari waliipinga, watawala wa kikoloni waliitilia shaka, na uhusiano wake na utawala wa Wangoni haukuwa mwepesi. Kumtaja “kiongozi wa jadi wa Chongoni” kana kwamba ni mtu mmoja mwenye sauti moja ni kurahisisha jambo ambalo wenyeji wenyewe hawajawahi kulirahisisha.

3. Kiti cha chifu

Sheria ya Machifu ya mwaka 1967 inaweka ngazi za uongozi wa jadi kuanzia chifu mkuu kabisa hadi mkuu wa kijiji. Walio katika ngazi za juu huteuliwa na Rais kwa kuzingatia mila za eneo, na machifu hupokea posho ya serikali iitwayo mswahara. Jambo hili husahauliwa na wale wanaomwona chifu kuwa sauti safi ya jamii iliyo nje ya dola. Chifu wa Malawi ana miguu miwili, mmoja katika ukoo na mwingine katika jalada la wizara. Anapoombwa “kushirikiana” na idara ya mambo ya kale, anaombwa na mwajiri mwenza.

Hata hivyo mamlaka yake juu ya mwamba ni finyu. Sheria ya Kumbukumbu na Mabaki ya Kale ya mwaka 1990, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1965, inaweka uwezo wa kutangaza kumbukumbu za taifa mikononi mwa waziri, na ruhusa za uchimbaji katika mikono ya serikali kuu. Sehemu kubwa ya Chongoni, tena, ni hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1924, yaani ardhi ambayo machifu waliipoteza miaka 80 na ushei kabla ya UNESCO kufika. Baadhi ya michoro imo nje ya hifadhi, katika ardhi ya kimila, na huko chifu ana neno zaidi. Matokeo yake ni kwamba uzito wa kauli ya chifu hubadilika kwa kuvuka kijito, ilhali mchoro wa upande huu na wa upande ule ulichorwa na watu wale wale kwa shughuli ile ile.

Mtazamo wa machifu kuhusu hifadhi hauwezi kueleweka bila kumbukumbu hiyo ya 1924. Kwa mkuu wa kijiji kilicho mpakani mwa msitu, neno “uhifadhi” lina maana ya kwanza iliyotangulia akiolojia: ni kukatazwa kuni, nyasi za kuezekea na malisho. Mlinzi wa michoro na mlinzi wa misonobari, machoni pa wanakijiji, ni mtu mmoja mwenye sare mbili. Inapotolewa taarifa kwamba maandishi yamechorwa juu ya michoro, au kwamba moto umepita karibu na pango, taarifa hiyo kwa kawaida huhitimishwa kwa pendekezo la elimu kwa umma. Elimu si mbaya. Lakini mtu aliyekatazwa kuni kwa vizazi vitatu hahitaji kuambiwa kwamba mwamba una thamani. Anachotaka kujua ni thamani hiyo ni ya nani.

Lipo jambo jingine lililo zito zaidi, nalo halisemwi sana mikutanoni. Wachewa hufuata nasaba ya upande wa mama, na chinamwali huongozwa na anamkungwi, wanawake wazee wenye elimu ya unyago. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kulitambua neno hilo: namkungwi wa Dedza na kungwi wa Pwani ni ndugu, kwa sauti na kwa kazi. Utafiti wa Leslie Zubieta kuhusu pango la Mwana wa Chencherere II umeonesha jinsi michoro myeupe inavyohusiana na mafunzo hayo ya wanawake. Ikiwa ndivyo, mwenye elimu ya mwamba si chifu aketiye barazani. Ni kungwi, ambaye hana kiti popote katika sheria, na ambaye kazi yake inamtaka asiseme.

Hapa pana mgongano halisi ambao mpango wowote wa usimamizi lazima uukabili. Kanuni za Urithi wa Dunia zinataka eneo lifasiriwe kwa wageni: mabango, waongoza watalii, vipeperushi. Unyago unataka maana ibaki kwa walioingia. Chifu anayekubali bango linaloeleza maana ya mjusi mweupe anafurahisha wizara na kuwavunjia heshima makungwi. Anayelikataa anaonekana mpinga maendeleo. Wengi huchagua njia ya tatu, ambayo ni kutoa maelezo ya juu juu ambayo hayamkeri yeyote, na watafiti huyachukua maelezo hayo kuwa ndiyo “maarifa ya jamii”. Ukimya huo usichukuliwe kuwa upungufu wa ushiriki. Mara nyingi ndio ushiriki wenyewe.

Wala mila hiyo haijagandishwa. Chifu Mkuu Theresa Kachindamoto wa Dedza, aliyeshika kiti mwaka 2003, alipata sifa duniani kwa kufuta mamia ya ndoa za utotoni na kupiga marufuku desturi za unyago zilizowadhuru wasichana. Alifanya hivyo kwa mamlaka ya kichifu na kwa kuwaondoa madarakani wakuu wa vijiji waliokaidi. Tukio hilo lina uzito kwa akiolojia kuliko linavyochukuliwa. Linaonesha kwamba viongozi wa jadi wanaweza kuchambua mila, wakabakiza hili na kukataa lile, bila kungoja mwanasheria wa wizara. Mpango wa usimamizi unaowataka wahifadhi mila “kama ilivyokuwa” unawataka wafanye jambo ambalo wao wenyewe wameshaamua kutolifanya.

4. Kiti cha diwani

Katiba ya mwaka 1994 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998 ziliahidi halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa. Machifu waliingizwa barazani kwa wadhifa wao, bila haki ya kupiga kura. Sera ya ugatuzi ilitangazwa mwaka huo huo wa 1998, na uchaguzi wa kwanza wa madiwani ukafanyika mwaka 2000. Muda wao ulipokwisha mwaka 2005, uchaguzi mwingine haukufanyika hadi Mei 2014.

Tarehe hizo zina maana kubwa kwa Chongoni. Eneo liliorodheshwa mwaka 2006, katikati ya miaka ambayo wilaya ya Dedza haikuwa na diwani hata mmoja. Wakati mipango, mipaka na ahadi za serikali zilipokuwa zikiwekwa mbele ya jumuiya ya kimataifa, hakukuwa na mwakilishi wa kuchaguliwa wa kata yoyote aliyeweza kuhoji au kukubali. Diwani aliyeingia mwaka 2014 alilikuta jambo likiwa limekamilika. Si ajabu basi kwamba katika siasa za wilaya urithi huu huonekana kuwa mali ya Lilongwe na Paris, na kwamba anayeombwa kuutolea fedha za halmashauri huuliza kwa nini zisiende kwenye kisima.

Mtazamo wa viongozi wa halmashauri, kwa jumla, ni wa mapato na barabara. Hili mara nyingi husemwa kwa dharau, kana kwamba diwani hajui utamaduni. Dharau hiyo haina msingi. Halmashauri za wilaya nchini Malawi hutegemea kwa sehemu kubwa fedha zinazotoka serikali kuu, na nyingi ya fedha hizo huja zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Diwani anayeuliza kiingilio cha mgeni kinakwenda mfuko gani anauliza swali la kwanza la usimamizi. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo kuhusu uchimbaji wa mawe au uchomaji wa nyasi ingeweza kuwa na nguvu karibu na mwamba kuliko tamko la waziri lililo mbali. Lakini hakuna halmashauri itakayotunga sheria ndogo ya kulinda kitu ambacho mapato yake hayaioni na lawama zake huibeba.

Kenya imejaribu kulitatua jambo hili katika katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaacha kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali ya kitaifa, na kuzipa kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni. Mpaka huo una utata wake, na kila upande huuvuta kwake. Hata hivyo mvutano huo unafanyika hadharani, juu ya maandishi ambayo gavana na mkurugenzi wa makumbusho wote wawili wanaweza kuyafungua. Nchini Malawi mvutano upo vilevile, ila hauna ukurasa wa kurejelea.

5. Majirani wawili: Kondoa na kaya

Michoro ya Kondoa Irangi iliorodheshwa mwaka ule ule wa 2006. Huko, katika pango la Mongomi wa Kolo, matambiko ya mvua na uganga hayajakoma, na baadhi ya watambikaji hurushia miamba pombe ya kienyeji. Emmanuel Bwasiri ameandika kwa kirefu kuhusu ugumu huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu, yaani rangi juu ya jiwe, na haina lugha ya kuitambua shughuli inayofanyika mbele ya jiwe hilo. Mhifadhi anaiona pombe kuwa uharibifu; mganga anaiona kuwa ndiyo sababu ya pango kuwepo. Wote wawili wanalinda urithi, na kila mmoja anamlinda dhidi ya mwenzake.

Kinyume chake ni misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya. Kuanzia mwaka 1992 baadhi ya kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo sheria ilianza kwa kukiri kwamba mlinzi yuko tayari, naye ni mzee wa kaya, mwenye miiko ya kukata mti na kuingia msituni. Kazi ya makumbusho ilikuwa kumpa mzee huyo ngao dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Mafanikio hayakuwa kamili: vijana waliondoka, viwanja vya hoteli viliendelea kumezewa mate, na wazee wengine walituhumiwa uchawi na kuuawa, aibu ambayo Pwani haijaimaliza. Lakini utaratibu wenyewe una funzo kwa Chongoni. Kaya zililindwa kwa mwiko uliokuwepo kwanza na tangazo la serikali baadaye; Chongoni ilianza na tangazo, na mwiko ukaombwa uje kuunga mkono.

Mfano wa kutisha uko Domboshava, Zimbabwe, ambako mwaka 1998 michoro ya miambani ilimwagiwa rangi ya mafuta. Eneo hilo lilikuwa limewahi kuwa la maombi ya mvua, na wahifadhi walikuwa wamezuia tambiko hilo kwa ajili ya moshi. Tukio lenyewe lilikuwa na sababu zake za karibu, lakini liliwafundisha wahifadhi wa kusini mwa Afrika kwamba uzio hauwezi kuchukua nafasi ya mwenyeji.

6. Lilongwe: makaburi ndani ya jiji

Lilongwe ilichukua nafasi ya Zomba kuwa mji mkuu mwaka 1975, na ikapangwa kwa maeneo yenye namba. Area 25 ni mojawapo ya maeneo ya kaskazini yenye watu wengi, yaliyokua juu ya ardhi ya vijiji vya Kichewa na yanayoendelea kuvisukuma. Hakuna michoro maarufu huko. Kuna manda, makaburi ya vijiji, ambayo kwa desturi ya Kichewa huachwa katika kichaka ambacho hakikatwi, na mara nyingi karibu yake hupatikana dambwe, uwanja wa faragha wa nyau. Mtu akitazama nyanda za Lilongwe kutoka angani, vifungu vya miti mikubwa vilivyosalia katikati ya mashamba mara nyingi ni makaburi. Kwa mwanaakiolojia hivyo ni vielelezo vya makazi ya karne kadhaa, vimehifadhiwa bila senti moja ya serikali.

Jiji linapofika, kichaka hicho hugeuka kiwanja. Hapa mamlaka hupinduka kabisa. Sheria ya Machifu humnyima chifu mamlaka ndani ya mipaka ya jiji isipokuwa kwa ridhaa ya baraza la jiji. Hata hivyo kila mtaa una watu wanaoitwa machifu wa mjini, ambao huamua ugomvi, hushuhudia mauziano ya viwanja na huendesha misiba. Sheria haiwatambui, wakazi wanawatii, na maofisa wa jiji huwatumia inapowafaa. Mtu wa namna hii ndiye anayejua kichaka kipi ni cha nani, na ndiye huyo huyo anayeweza kukiuza.

Kwa hiyo katika Area 25 mitazamo ya viongozi haigawanyiki kati ya jadi na kisasa kama vitabu vinavyopenda kugawa. Diwani wa jiji anahitaji kiwanja cha zahanati au soko. Chifu wa mjini anahitaji heshima ya wazee na pia ada ya mashahidi. Mpangamiji anaona alama ya kijani katika ramani na kuisoma kuwa nafasi wazi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2016 inadai kibali cha uendelezaji kabla ya ujenzi, na hapo ndipo kaburi la zamani lingeweza kuulizwa habari zake. Hatua moja ndogo ingebadilisha mengi: orodha ya makaburi na vichaka vya vijiji kuingizwa katika ramani za kata kabla ya kugawa viwanja, ikitayarishwa na wazee wa vijiji vilivyomezwa na kuthibitishwa na jiji. Haihitaji sheria mpya wala mwanaakiolojia wa kudumu. Inahitaji mtu wa ofisi ya mipango kutembea na mzee siku tatu.

7. Dzaleka: urithi usio na mwenye kiti

Kilometa zipatazo 45 kutoka Lilongwe ipo Dzaleka. Katika utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la kuwafunga wapinzani wa kisiasa, na jina lake, lenye kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha, hufasiriwa na watu kuwa kiapo cha mfungwa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, eneo hilo lilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho lugha yao ya sokoni, ya kanisani na ya jukwaani, na tamasha la Tumaini lililoanzishwa mwaka 2014 limelifanya jina la Dzaleka lisikike kwa sababu nyingine isiyo kifungo.

Kwa mizani ya akiolojia ya zama za karibuni, mahali hapo pana sifa zote: majengo yenye historia, tabaka mbili za matumizi, kumbukumbu za walio hai. Kwa mizani ya sheria hakuna wa kuyasemea. Wafungwa wa zamani wametawanyika nchini. Chifu wa eneo ana ardhi inayoizunguka kambi, wala si kambi. Halmashauri ya Dowa ina wilaya, ila kambi inaendeshwa na wizara ikishirikiana na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Wakimbizi wana viongozi wao waliochaguliwa na jamii zao, lakini viongozi hao hawana nafasi katika baraza la wilaya, na tangu mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, hata kwenda kwao Area 25 kufanya biashara kumekuwa jambo la kuhojiwa.

Inaweza kudaiwa kwamba mkimbizi hana haja na kumbukumbu za gereza la watu wengine. Dai hilo halina uzito. Watu waliokaa mahali kwa miaka 30, wakazaa na kuzika hapo, wana haja na kila jiwe lake, na makaburi yao tayari ni sehemu ya mabaki ambayo mwanaakiolojia wa baadaye atayakuta. Ugumu upo kwengine: kutambua urithi wa Dzaleka ni kutambua kwamba kambi si ya muda, na hakuna kiongozi, awe waziri, chifu au diwani, anayetaka kulisema hilo kwa sauti. Hapa ukimya si mwiko wa kungwi. Ni woga wa kisiasa, na washauri wa sera wafanye vizuri kutovichanganya.

8. Nyenzo zilizopo

Mjadala kuhusu marekebisho ya sheria ya mwaka 1990 ni wa haki, lakini marekebisho huchukua miaka. Wakati huo nyenzo mbili zilizopo hazitumiki ipasavyo.

Ya kwanza ni Sheria ya Misitu ya mwaka 1997. Inaruhusu kamati za vijiji za usimamizi wa maliasili na makubaliano ya usimamizi wa pamoja wa hifadhi, yenye mgawanyo wa kazi na wa manufaa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Chongoni ni hifadhi ya msitu, makubaliano ya namna hiyo yanaweza kutaja miamba kwa majina: nani anaifungua na kuifunga, miezi gani haifunguliwi kwa sababu ya unyago, bango liandike nini na lisiandike nini, kuni zikusanywe upande upi, na sehemu gani ya kiingilio irudi katika mfuko wa kamati na ipi katika halmashauri. Makubaliano hayo yakitiwa saini na chifu peke yake yatarudia kosa la zamani. Mkataba unaohusu michoro myeupe uwe na sahihi, au dole gumba, la anamkungwi wa eneo, bila kuwataka waeleze kwa nini wanapinga jambo wanalolipinga.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Kimila ya mwaka 2016, inayoweka kamati za ardhi ambamo chifu hukaa pamoja na wajumbe waliochaguliwa, wanawake wakiwemo. Kwa maeneo yaliyo nje ya hifadhi, kamati hiyo ndiyo mahali pekee ambapo uongozi wa jadi na uchaguzi vinakutana juu ya kipande kimoja cha ardhi, kila upande ukiwa na kura. Machifu kadhaa waliipinga sheria hiyo kwa kuiona inawapunguzia madaraka, na upinzani wao hauna budi kusikilizwa. Lakini kamati yenye kumbukumbu za maandishi inaweza kumzuia hata chifu mwenyewe asigawe kiwanja chini ya mwamba, na hilo ni jambo ambalo tangazo la waziri halijaweza kulifanya.

Kwa Dzaleka hakuna nyenzo ya namna hiyo. Kinachowezekana sasa ni kazi ya uandishi: kukusanya masimulizi ya waliofungwa humo kabla ya 1994 kabla hawajafariki, kwa Kichewa, na ya waliofika baadaye, kwa Kiswahili, na kuyaweka mahali pawili, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyoko Zomba na ndani ya kambi yenyewe. Tangazo la serikali ya Malawi la mwaka 2023 kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni limefungua mlango kidogo kwa kazi hiyo, kwa kuwa walimu wa lugha hiyo watahitajika, na wasemaji wake walio karibu zaidi na Lilongwe wanaishi Dzaleka.